"Soko" Lisilo Soko: Kutafsiri Maneno ya Zabuni kwa Mkaaji wa Bukavu

0. Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Chefu wa avenyu yetu, mzee ninayemwita papa tangu utotoni, aliniletea karatasi mbili za Kifaransa na kuniomba nizisome kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wakaaji. Zilihusu mradi mdogo: kutengeneza njia ya waenda kwa miguu pande mbili za barabara, pamoja na ukanda wa baiskeli. Kampuni kadhaa zingeomba kazi hiyo, moja ingechaguliwa, na wakaaji walitakiwa kutoa maoni kabla ya uteuzi. Kwa kuwa nasoma isimu na lugha za Kiafrika, papa aliamini kwamba nitaiweza kazi hiyo. Hata mimi niliamini.

Kichwa cha karatasi ya kwanza kilianza na maneno "passation du marché public". Nikasoma kwa sauti: "kupitisha soko la umma." Kabla sijafika mstari wa pili, mama mmoja anayeuza nyanya kando ya barabara hiyo alisimama: "Soko yetu mutaipitisha wapi?" Wengine wakamfuata. Nilijaribu kueleza kwamba soko linalosemwa si lao. Lakini kila nilipofungua kinywa nilirudia neno lilelile "soko", na kila niliporudia hofu iliongezeka. Karibu saa nzima ilipita tukiwa kwenye kichwa cha habari.

Karatasi ile ilikuwa na maswali mawili ya maana: wauzaji wa kando ya barabara wawekwe wapi wakati wa ujenzi, na nani kati ya wakaaji atahudhuria siku ya kufungua bahasha. Chini ya kila swali palikuwa na mistari mitupu ya kujaza. Ilirudi ofisini na sahihi za waliohudhuria, na mistari ile bado mitupu. Mama yangu mdogo ni mmoja wa wauzaji wale. Usiku aliniambia bila hasira: "Mutoto yangu, miaka yote ile ku iniversite, na haujue soko ni nini?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Nitaonyesha kwanza kwa nini maneno ya Kifaransa ya fani hii hupotosha yakitafsiriwa neno kwa neno, kisha nitatazama maneno ambayo Kiswahili cha Kenya na Tanzania kimekwisha kuyajenga. Baada ya hapo nitayapima kwa mfano wa kamati inayochagua mkandarasi, na mwisho nitatoa orodha fupi ya mapendekezo.

1. Lugha ya sheria na lugha ya barabara

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika ibara yake ya kwanza, inasema kwamba lugha rasmi ni Kifaransa, na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa ambazo Serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Sheria inayoongoza ununuzi wa Serikali ni sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Vyombo vyake vyote vina majina ya Kifaransa na hujulikana kwa herufi zake za mwanzo: ARMP inayosimamia mfumo mzima, DGCMP inayokagua, na CGPMP iliyo ndani ya kila taasisi inayonunua. Matangazo, mikataba na ripoti za tathmini huandikwa kwa Kifaransa.

Lakini barabara yenyewe haiongei Kifaransa. Kuanzia Place de l'Indépendance hadi soko la Kadutu, mtu anauza, anapatana bei, anagombana na kusalimiana kwa Kiswahili cha Bukavu, kikichanganyika na Kimashi, Kirega, Kihavu na maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kuzoea kinywa. Kwa hiyo anayeamua hutumia lugha moja, na anayeishi na matokeo ya uamuzi hutumia nyingine. Katikati anasimama mtu asiye na mafunzo ya kazi hiyo. Mara hii alikuwa mwanafunzi, kesho anaweza kuwa mwalimu wa shule au katekista.

2. Maneno matano yanayopotosha

Neno la kwanza ni hilo la "marché". Katika Kifaransa lina maana mbili zilizo wazi kwa msemaji wake: mahali pa kuuzia, na mapatano ya kununua na kuuza. Sheria inatumia ile ya pili. Neno "soko" kwa Kiswahili limebeba ya kwanza. Ni kweli tunasema "soko la kahawa duniani", lakini hakuna anayesema "nimefanya soko na fundi" kwa maana ya mkataba. "Passation" nayo nikaifanya "kupitisha", nikapata sentensi ambayo mama wa nyanya aliielewa sawasawa kabisa: soko linachukuliwa kutoka hapa na kupelekwa pengine. Yeye hakukosea kusikia.

La pili ni "appel d'offres". Mwenzangu mmoja wa darasa, nilipomwuliza, alijibu haraka: "mwito wa matoleo". Mtu yeyote aliyewahi kuingia kanisani Bukavu anajua matoleo ni nini. Ni ule wakati kapu linapopita na kila mmoja anaingiza mkono mfukoni. Tangazo la "mwito wa matoleo kwa ajili ya barabara" lingeeleweka kuwa wakaaji wanaombwa kuchanga pesa.

La tatu ni "cahier des charges", hati inayoeleza kazi inayotakiwa na masharti yake. Neno kwa neno ni "daftari la mizigo". Katika mji ambapo wanawake wengi wanaishi kwa kubeba magunia mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, mzigo ni jambo la kila siku. Daftari la mizigo lingekuwa orodha ya magunia.

La nne ni "soumissionnaire", yaani yule anayewasilisha ombi la kupewa kazi. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kuwasilisha, lakini pia ya kutii. Nimekutana na tafsiri ya mkono iliyoandika "mwenye kujiweka chini". Mfanyabiashara anayepigania mkataba hajajiweka chini ya mtu.

La tano ndilo gumu kuliko yote: "moins-disant". Kwa umbo lake ni "anayesema kidogo", maana yake anayetaja bei ndogo. Nduguye ni "mieux-disant", "anayesema vizuri zaidi", yaani ambaye ombi lake ni bora kwa jumla ya bei na ubora. Tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya siasa nzima ya ununuzi: je, tuchukue rahisi au tuchukue bora? Katika Kifaransa tofauti hiyo imo ndani ya kielezi kimoja. Katika tafsiri yangu ya mkutanoni haikuwamo kabisa. Niliyaita yote mawili "bei nzuri".

Makosa haya yana chanzo kimoja. Neno la fani huwa limeacha maana yake ya nyumbani na kuhamia maana ya kazi. Anayetafsiri umbo lake hulirudisha nyumbani, na msikilizaji hulikuta huko.

3. Zabuni, tenda, kandarasi

Majirani zetu wa mashariki wamekwisha kupita njia hii, ingawa walianzia Kiingereza. Tanzania inasema "ununuzi wa umma" kwa shughuli nzima, na chombo chake cha usimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Maombi ya kampuni hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010, hutumia "zabuni", na magazetini pia "tenda" na "kandarasi".

"Zabuni" inafaa kutazamwa kwa karibu. Asili yake ni Kiarabu, ambako "zabuni" ni mteja, mnunuzi. Katika Kiswahili cha zamani kuzabuni kulikuwa kutaja bei mnadani. Mnadani, anayetaja bei kubwa ndiye anayeondoka na kitu. Katika zabuni ya leo mambo yamegeuka: wanaoshindana ni wauzaji, si wanunuzi, na kwa kawaida bei ndogo ndiyo inayopendelewa. Neno limegeuza mwelekeo wake, lakini kiini kimebaki, yaani watu kadhaa wanataja bei kwa ajili ya kitu kimoja na mmoja tu anakipata. Ndiyo sababu neno hili ni bora kuliko "toleo". Lina ushindani ndani yake.

Tena linazaa vizuri. Kutoka "zabuni" tunapata "mzabuni" na "wazabuni", "kuzabuni", "hati za zabuni", "dhamana ya zabuni". "Tenda" haizai hivyo, kwani tukisema "mtenda" tumeingia kwenye kitenzi cha Kibantu chenye maana ya kufanya, na msikilizaji atauliza mtenda nini. "Kandarasi" na "mkandarasi" zimetoka kwa Kiingereza, na faida yake ni kumtaja mtu aliyekwisha kupewa kazi. Hapo pana tofauti inayofaa kutunzwa: wote wanaoomba ni wazabuni, na aliyepewa ndiye mkandarasi. Bukavu tunasema "antreprenere" kwa wote, tukichanganya mwombaji na mshindi.

Hata hivyo, si kila neno la mashariki nalipokea. Tanzania, kampuni iliyochaguliwa huelezwa kuwa "imetunukiwa" mkataba, na uamuzi wenyewe huitwa "tuzo". Katika masikio ya kawaida tuzo ni zawadi ya aliyefanya vizuri. Nilipomsomea mama mdogo sentensi yenye neno hilo aliuliza: "Wanamupa zawadi na barabara hajajenga bado?" Kwake yeye, kupewa kazi ni kupewa deni. Napendekeza tuseme tu "kupewa kazi" au "kupewa mkataba".

4. Mfano: bahasha tatu mezani

Maneno hupimwa katika kazi. Tuchukue mfano wa kubuni, wa darasani. Barabara ina urefu wa mita 800. Njia ya waenda kwa miguu itakuwa na upana wa mita 2 kila upande, kwa hiyo eneo la kuwekwa matofali ni mita za mraba 3,200. Bahasha zimefunguliwa hadharani na bei zimesomwa kwa sauti: mzabuni A dola 182,000; B dola 205,000; C dola 160,000.

Mkaaji aliyesimama nyuma ya ukumbi anaondoka akijua jambo moja tu: C ndiye rahisi. Wiki kadhaa baadaye anasikia kwamba kazi imepewa B. Atasema nini? Atasema wamekula. Huenda wamekula kweli. Lakini huenda pia hawakula, na bila maneno ya kutenganisha mambo hayo mawili, hatakuwa na njia ya kujua.

Kamati hupita hatua tatu. Ya kwanza ni kukagua ukamilifu: je, hati zote zimo, sahihi ipo, dhamana ya zabuni ipo? Dhamana hiyo ni fedha au barua ya benki inayomzuia mzabuni kukimbia baada ya kuchaguliwa. Tuseme hati za zabuni zilisema wazi kwamba asiyeweka dhamana ataondolewa, na C hakuiweka. C anatoka hapo, na bei yake haitazamwi tena. Neno "dhamana" halitumiki sana mtaani kwetu, lakini kila mpangaji wa Bukavu anajua "garanti", ile fedha anayomwachia mwenye nyumba kabla ya kuhamia. Nikisema "garanti ya zabuni", maelezo yanakwisha kwa maneno matatu.

Hatua ya pili ni ya ufundi: je, mzabuni ana mafundi, mashine na uzoefu wa kazi ya namna hii? Je, amefahamu kwamba mtaro wa maji lazima uje kabla ya matofali? Katika mji wa miteremko kama wetu, njia ya miguu isiyo na mtaro inaondoka na mvua ya kwanza. Tuseme A na B wote wamepita.

Hatua ya tatu ni ya fedha, na hapa ndipo neno moja "bei" haliwezi tena kubeba kila kitu. Kamati inakagua hesabu ya A. Kwa matofali ameandika dola 25 kwa mita moja ya mraba. Mara 3,200 ni dola 80,000. Lakini katika safu ya jumla ameandika 50,000. Kanuni inayotumika katika hati nyingi za zabuni, zikiwamo zile za miradi ya Benki ya Dunia, ni kwamba bei ya kipimo kimoja ndiyo inayotawala, na jumla inasahihishwa. Basi inaongezwa dola 30,000, na A anatoka 182,000 hadi 212,000. Sasa B mwenye 205,000 ndiye wa chini.

Kwa hiyo tuna bei tatu tofauti: bei iliyosomwa, bei iliyosahihishwa, na bei iliyotathminiwa, yaani ile inayobaki baada ya masahihisho na marekebisho mengine yote yanayoruhusiwa na hati. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu ununuzi wa umma, katika kifungu cha 86, inampa ushindi mwenye bei ya chini "iliyotathminiwa". Kirai hicho kirefu chenye kitenzi cha kutendwa ndicho kinachomtenganisha B na C. Ukikiacha katika tafsiri, umeibadilisha sheria.

Tena sheria hiyohiyo, kifungu cha 82, inakataza kabisa kusahihisha bei iliyosomwa wakati wa kufungua zabuni. Huko Kenya kamati isingeweza kumpandisha A hadi 212,000. Swali lingekuwa jingine: je, A abaki na bei yake na hasara yake, au kosa lake limtoe? Bahasha ni zilezile na hesabu ni ileile, lakini uamuzi unaweza kuwa tofauti kwa sababu ya kanuni moja. Mtafsiri anayesema "bei" tu, bila kusema bei ipi, hawezi kueleza jambo hili kwa mkaaji wala kwa mzabuni mwenyewe.

Kuna pia swali la "bora" na "rahisi". Tangu mwaka 2016 Benki ya Dunia imeacha kutumia bei ya chini kama kipimo pekee cha miradi yake, na kanuni zake mpya zinatafuta thamani inayopatikana kwa fedha inayotolewa. Kwa Kiswahili nimejaribu "zabuni yenye manufaa zaidi". Wakaaji niliowasomea walielewa haraka, kwa sababu methali ilikuwa tayari inawasubiri: rahisi ghali. Kila mtu alikuwa na hadithi yake ya ndala za bei ndogo.

5. Njia ya nani? Miguu na baiskeli

Maneno ya barabara yenyewe yana shida zake. Bukavu tunasema "trottoir" bila kutafsiri. Kiswahili sanifu kina "njia ya waenda kwa miguu", ndefu lakini wazi. Napendekeza ibaki hivyo, kwa sababu inamtaja mwenye njia. "Trottoir" kwetu imekuwa mahali pa kuegesha pikipiki, kupanga nyanya na kumwaga mchanga wa ujenzi. Ukisema "njia ya waenda kwa miguu", pikipiki iliyosimama hapo inaonekana kuwa imekosea.

Baiskeli ina mtego mwingine. Wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo, hasa upande wa Lubumbashi, huiita "kinga", neno linalofanana na "nkinga" ya Kilingala. Lakini katika Kiswahili sanifu "kinga" ni ulinzi dhidi ya madhara. Tangazo linalosema "njia ya kinga" lingesomwa Dar es Salaam kama njia ya usalama, na Lubumbashi kama njia ya baiskeli. Kwa hati zinazoweza kusomwa na watu wa pande zote mbili, "baiskeli" ndilo neno salama.

Mkutanoni kulikuwa na kicheko tulipofika hapo. Papa mmoja aliuliza ni nani atapanda baiskeli kutoka ziwani hadi Kadutu. Swali lake si la mzaha. Kule Uvira, katika tambarare ya Ruzizi, baiskeli hubeba watu na mizigo. Goma wana chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na kanyagio. Sisi tuna milima. Pengine ukanda ule ungefaa mikokoteni kuliko baiskeli, na wakaaji ndio wanaojua. Lakini wazo hilo halikuandikwa popote, kwa kuwa muda ulikwisha kuliwa na "soko".

Miji jirani inaonyesha kwamba jambo hili si ndoto. Nairobi, Luthuli Avenue ilibadilishwa mwaka 2019 kwa kupunguza nafasi ya magari na kupanua ya waenda kwa miguu. Kampala, Namirembe Road na Luwum Street ziliteuliwa kuwa ushoroba wa mfano wa watu wa miguu na baiskeli. Dar es Salaam, barabara ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi mwaka 2016 ilijengwa pamoja na njia za miguu na za baiskeli kandokando yake. Kila mahali swali la wauzaji wa kando ya barabara hurudi, kwa kuwa nafasi ya mwenda kwa miguu na nafasi ya mwuzaji ni ileile. Swali hilo lazima liingie katika hati za zabuni kabla ya bahasha kuletwa. Mkandarasi hulipwa kwa yale yaliyoandikwa. Kama hati haisemi mama wa nyanya atakaa wapi miezi ya ujenzi, hakuna mzabuni atakayeweka gharama yake, na hakuna atakayemtengea mahali.

6. Mapendekezo

Orodha hii imejengwa juu ya kanuni tatu: tuchukue neno la mashariki pale linapoeleweka au linapoelezeka kwa sentensi moja, tutumie neno la Bukavu pale lilipo tayari, tuepuke neno lenye maana nyingine kali mtaani.

"Marché public": ununuzi wa umma, kwa shughuli nzima, mkataba wa umma, kwa mapatano yenyewe. Kamwe si soko.

"Appel d'offres": tangazo la zabuni. Mara ya kwanza lielezwe: kampuni zinaitwa kushindania kazi.

"Soumissionnaire": mzabuni. Baada ya kuchaguliwa: mkandarasi.

"Cahier des charges": masharti ya kazi.

"Garantie de soumission": garanti ya zabuni (maandishini, dhamana ya zabuni).

"Ouverture des plis": kufungua bahasha. Hili mtaani linaeleweka bila msaada.

"Moins-disant": mwenye bei ya chini iliyotathminiwa. Katika mazungumzo: mwenye bei ya chini kati ya waliotimiza masharti.

"Mieux-disant": mwenye zabuni yenye manufaa zaidi.

"Gré à gré": kumpa kazi mmoja bila ushindani. Wengine husema "kwa maelewano", lakini maelewano ni neno zuri mno kwa jambo ambalo sheria inaliruhusu kwa masharti tu. Msikilizaji anapaswa kusikia kwamba ushindani haukuwapo.

"Trottoir": njia ya waenda kwa miguu. "Piste cyclable": njia ya baiskeli. "Caniveau": mtaro.

Najua wenzangu wa isimu watapinga baadhi ya haya. Mmoja alishaniambia kwamba "garanti" ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiswahili, na kwamba tungewafundisha watu "dhamana". Sikatai kuwafundisha. Lakini mkutano wa wakaaji una saa mbili, na neno linaloeleweka leo linaacha nafasi ya kuuliza swali leo.

7. Hitimisho

Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kampuni za Kenya na Tanzania zinaweza kuja kuzabuni hapa, na zetu kwenda huko. Ni sababu moja ya kujenga istilahi ya pamoja, na kitivo kama chetu kina kazi ya kufanya. Lakini kwangu si sababu ya kwanza. Ya kwanza ni kwamba kuna watu ambao uamuzi wa kamati utawahamisha, utawalipa au utawaacha kwenye tope, nao wana haki ya kuusikia kwa maneno yasiyowadanganya.

Baada ya kuandika orodha hii niliipeleka kwa mama mdogo, jioni, akiwa anapanga nyanya zilizobaki. Nilimsomea upya karatasi ile, safari hii bila neno "soko". Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Basi mwenye kushinda, njo atatutafutia fasi ya kuuzisha, ao ni komini?" Hilo ndilo swali la kwanza la karatasi, lile lililorudi na mistari mitupu. Lilikuwa limekaa naye muda wote. Nimeandika barua kwa Kifaransa, nikaweka swali lake kama alivyolisema na tafsiri yake chini, na chefu wa avenyu ameipeleka ofisini. Bado hatujapata jibu.